Sarafu Imeanguka Ndani ya Glasi, Ila Somo Bado

Katika shule moja ya kutwa iliyo nje kidogo ya mji wa Kisumu, upande wa kuelekea Ahero, nilikaa asubuhi moja nyuma ya darasa la kidato cha tatu nikimtazama mwalimu wa fizikia akifundisha sheria ya kwanza ya mwendo. Maabara ya pekee ilikuwa imetwaliwa na kidato cha nne kwa ajili ya kemia, kwa hiyo alikuja na ndoo ya plastiki iliyojaa vifaa vyake mwenyewe: glasi, kadi nzee ya mwaliko wa harambee, sarafu ya shilingi 10, mayai mawili, uzi wa cherehani na jiwe. Aliiweka kadi juu ya glasi, akaiweka sarafu juu ya kadi, kisha akaifyatua kadi kwa kidole. Kadi iliruka hadi dawati la mbele, sarafu ikadondoka ndani ya glasi kwa mlio, na darasa la vijana zaidi ya 50 likapiga makofi.

Niseme mapema kwamba ninamheshimu mwalimu wa aina hii, na ninayoyaandika hapa hayana nia ya kumvunja moyo. Mayai ameyanunua kwa fedha zake. Hutembea baina ya madawati, hupandisha sauti na kuishusha, huuliza, hucheka pamoja na wanafunzi, na wale ambao katika kipindi kilichotangulia walikuwa wameegemeza vichwa viganjani walikaa wima mpaka mwisho. Hata hivyo, kengele ilipolia nilipata nafasi ya kuzungumza na wanane kati yao chini ya mwembe, nikawauliza swali ambalo nilidhani ni jepesi: gololi ikibingirishwa sakafuni na isiguswe tena, ni kwa nini hatimaye husimama? Saba walijibu kwamba nguvu iliyosukumwa nayo imeisha. Jibu hilo ndilo hasa ambalo sheria ya kwanza ya Newton huja kulikanusha, nalo lilitoka vinywani mwa vijana walioikariri sheria hiyo neno kwa neno, kwa Kiingereza kisicho na dosari, robo saa tu kabla ya hapo.

Kwa maoni yangu, kosa halikuwa la vijana. Majaribio mengi tunayoyapenda ya inesha, yaani tabia ya kitu kushikilia utulivu wake au mwendo wake, huonyesha nusu moja tu ya jambo lenyewe, tena ile nusu ambayo mwanafunzi hakuwa na shaka nayo tangu mwanzo. Kwamba kitu kilichotulia huendelea kutulia, hilo linajulikana na kila mtu aliyewahi kuliona jiwe uani. Nusu ya pili husema kwamba kitu kinachokwenda huendelea kwenda, kwa kasi ileile na kwa mstari ulionyooka, mpaka kani fulani, yaani msukumo au mvuto, ikibadilishie mwendo. Na nusu hii hupingana na karibu kila kitu ambacho kijana ameshuhudia maishani mwake. Hiyo ndiyo inayostahili ndoo nzima ya mwalimu, na hiyo ndiyo niliyoiona ikitajwa kwa sentensi moja ubaoni na kuachwa.

Tuiangalie kwanza ile sarafu, kwa maana hata katika nusu iliyo rahisi kuna maelezo ambayo huzoeleka bila kuwa sahihi. Mwalimu aliliambia darasa kwamba sarafu haikuondoka na kadi kwa sababu hakuna kani iliyoigusa. Kani ilikuwepo. Kadi inapochomoka huikokota sarafu kwa msuguano, na msuguano huo ni uleule ambao, kadi ikivutwa polepole, huibeba sarafu pamoja nayo hadi nje ya glasi. Kilichotofautisha majaribio haya mawili ni muda. Tukichukulia kwamba msuguano unaweza kuipa sarafu mchapuko, yaani ongezeko la kasi, wa mita 2 kwa sekunde mraba, na kwamba kadi imetoka chini yake kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde, sarafu itakuwa imesogea chini ya nusu milimita na kupata kasi ya sentimita 4 tu kwa sekunde, na kwa hiyo itaanguka ndani ya glasi ambayo mdomo wake una upana wa sentimita 7. Hesabu hii haimshindi mwanafunzi wa kidato cha tatu. Ingechukua dakika tatu ubaoni, na ingemwondolea dhana kwamba inesha ni aina fulani ya ngao inayokinga vitu visiguswe na kani.

Jaribio la jiwe lilikuwa bora zaidi, na hapa mwalimu alistahili makofi kuliko aliyoyapata. Alilining'iniza jiwe la takriban nusu kilo kwa uzi wa cherehani, akafunga kipande kingine cha uzi huohuo chini yake, kisha akauliza ni uzi upi utakaokatika ukivutwa wa chini. Alipouvuta taratibu ulikatika wa juu; alipofunga upya na kuuvuta kwa mshtuko ulikatika wa chini. Uzi wa juu hubeba uzito wa jiwe na mvuto wa mkono kwa pamoja, hivyo katika mvuto wa taratibu ndio unaozidiwa. Katika mshtuko, uzi wa juu hauwezi kukazika zaidi mpaka jiwe lenyewe lishuke kidogo, na jiwe, kwa tungamo lake, huchelewa kushuka. Kabla halijasogea vya kutosha, wa chini umeshakatika. Kijana mmoja aliyekaa dirishani alisema kwa sauti ya chini kwamba ni kama jembe, na mwalimu, ambaye alikuwa akipambana na saa, hakumsikia. Kijana alikuwa sahihi kabisa. Mkulima ambaye jembe lake limelegea huligeuza, hugongesha ncha ya mpini kwenye jiwe, na jembe huzidi kushuka na kukaza, kwa sababu mpini umesimamishwa ghafla ilhali chuma bado kinaendelea na safari yake. Mfano huo ulikuwa wa ile nusu ya pili iliyokuwa ikikosekana darasani, na ulitoka kwa mwanafunzi.

Jina lenyewe limechangia mkanganyiko huu. Neno la Kilatini ambalo inesha limetokana nalo lina maana ya uzembe au kutotenda, na aliyeliingiza katika elimu ya mwendo ni Johannes Kepler, mwanafalaki wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1630. Kepler aliamini kwamba kitu, kwa asili yake, hupendelea kutulia mahali kilipo, na kwamba kani inayokisukuma ikikoma nacho kitasimama. Kwake yeye, basi, inesha ilikuwa nusu ya kwanza peke yake. Newton alilichukua neno hilo mwaka 1687 na kulipanua ili lijumuishe vitu vinavyokwenda, ila jina halikubadilika, na mpaka leo walimu wengi husema kwamba inesha ni uvivu wa vitu. Mimi naona uvivu ni mfano mbaya. Mvivu hutafuta kupumzika. Lori lililo mbioni halitafuti lolote. Iwapo ni lazima tuazime tabia ya binadamu, afadhali tuuazime ukaidi, kwa kuwa mkaidi akiwa amekaa hatanyanyuka, na akiwa njiani hatageuka. Sisi tunaotumia Kiswahili tuna bahati ndogo katika jambo hili: neno inesha halibebi masikioni mwetu maana yoyote ya uzembe, kwa hiyo tunaweza kulijaza maana iliyo kamili tangu siku ya kwanza.

Wale saba wa chini ya mwembe walikuwa na wenzao wakubwa. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alifundisha kwamba kitu kinachosogezwa huhitaji cha kukisogeza wakati wote, na fundisho hilo lilitawala kwa karne nyingi, ijapokuwa Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikwisha kusema kwamba kitu kilichorushwa mahali pasipo na hewa wala kizuizi kisingekuwa na sababu ya kusimama. Aristotle hakuwa mjinga, na wanafunzi wa Kisumu si wajinga. Msukuma mkokoteni anayepeleka magunia soko la Kibuye akiacha kusukuma, mkokoteni husimama. Baiskeli isiyokanyagwa husimama. Uzoefu wa miaka kumi na saba umemhakikishia kijana kwamba mwendo ni kama moto wa kuni, ambao usipochochewa huzimika, na uzoefu huo hauwezi kung'olewa kwa sarafu iliyotulia ikaendelea kutulia. Unaweza kung'olewa tu kwa kumwonyesha mwendo ambao kizuizi chake kinapunguzwa hatua kwa hatua, mbele ya macho yake, mpaka yeye mwenyewe aulize kitakachotokea kikiondolewa chote.

Galileo alifanya hivyo kwa mbao zilizoinamishwa, na mwalimu wetu anaweza kufanya hivyo kwa bomba la plastiki la maji lililopasuliwa katikati kwa urefu. Vipande viwili vikiunganishwa na kuinuliwa ncha zake pande zote mbili, gololi inayoachiliwa upande mmoja hushuka na kupanda upande wa pili hadi karibu na kimo kilekile ilikotoka. Upande wa pili ukilazwa kidogo, gololi husafiri mbali zaidi ili ikifikie kimo hicho. Ukilazwa tena, huenda mbali zaidi tena. Hapo mwalimu hushika ncha ya bomba mkononi, huishusha mpaka karibu na sakafu, hunyamaza kidogo, na huuliza: nikililaza kabisa, gololi hii itapanda lini ifikie kimo chake? Ninaamini kwamba dakika moja ya ukimya wa darasa baada ya swali hilo ina thamani kuliko makofi yote ya kadi na glasi, kwa sababu hapo ndipo mwanafunzi anapolazimika kuchagua kati ya anachokiona na anachokizoea.

Kwa wasiotosheka, kuna jaribio la sidii, na huku kwetu nyumba chache zitakosa sidii iliyokwaruzika ya nyimbo za ohangla. Kifuniko cha chupa kilichotobolewa hugundishwa juu ya tundu la katikati, puto lililojazwa hewa huvishwa kwenye kifuniko, na sidii huachiliwa juu ya meza laini. Hewa inayotoka chini yake huinyanyua kwa unene wa karatasi, msuguano hupungua sana, na msukumo mmoja wa kidole huipeleka mpaka ukingoni mwa meza bila dalili ya kuchoka. Puto likiisha hewa, sidii hukwama palepale. Mwanafunzi huona kwa jicho lake kwamba kilichobadilika ni kizuizi. Wavuvi wa Dunga wanalijua jambo hili bila puto: mashua huzimwa injini ikiwa bado mbali na ufuo na hujileta yenyewe, na mgeni anayedhani kwamba injini ikizimwa mashua itasimama ndiye anayeanguka wanapofika.

Hata mayai mawili ya mwalimu yalikuwa na nusu ya pili ndani yake, ingawa hayakupewa nafasi. Aliyazungusha mezani, moja bichi na jingine lililochemshwa, mfano wa mayai boilo ya wachuuzi wa stendi, akaonyesha kwamba lililochemshwa huzunguka upesi na bichi huzunguka kwa kusuasua, na darasa likafurahia kujua njia ya kuyatofautisha bila kuyavunja. Angeongeza hatua moja tu. Yai bichi linalozunguka likiguswa kwa kidole mpaka ganda lisimame, kisha kidole kikaondolewa mara moja, huanza kuzunguka tena lenyewe, kwa kuwa uteute na kiini ndani havikuwahi kusimama. Lililochemshwa hubaki limetulia. Sijui jaribio la senti chache kuliko hilo linaloonyesha kwa uwazi kama huo kwamba kilicho ndani ya chombo kina mwendo wake.

Na kilicho ndani ya chombo, katika nchi yetu, mara nyingi ni abiria. Barabara ya kutoka Nakuru kuelekea Eldoret, kuanzia Salgaa mpaka makutano ya Londiani, inajulikana kwa ajali. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori ziligongana uso kwa uso eneo la Migaa na watu 36 wakafariki. Sisi waandishi huandika kwamba abiria walirushwa mbele, nami nimeandika hivyo zaidi ya mara moja. Kitenzi hicho ni cha Aristotle mtupu, kwani hudokeza kuwa kuna kani iliyowasukuma. Hakuna iliyowasukuma. Basi lilisimamishwa, na wao waliendelea kwa kasi ileile waliyokuwa nayo sekunde iliyotangulia, mpaka kiti cha mbele, kioo au chuma kikawasimamisha. Kanuni za John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004 zilileta mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa katika matatu, na mkanda una kazi moja tu, ambayo ni kumfanya abiria asimame pamoja na gari badala ya kusimama baada yake.

Mwanafunzi anaweza kuipiga hesabu hii mwenyewe. Mtu anayekwenda kilomita 50 kwa saa ana kasi ya mtu aliyeanguka kutoka kimo cha mita 10 hivi, yaani kama orofa ya tatu; kwa kilomita 80, kimo hicho hufika mita 25. Hakuna anayeruka kutoka orofa ya tatu akitumaini kujishikilia kwa mikono, lakini kila siku kituoni Kisumu utamsikia mtu mzima akimwambia utingo kwamba mkanda una uchafu, na kwamba likitokea la kutokea atajishika kwenye kiti. Namshuku kwamba naye aliikariri sheria ya kwanza akapata alama zake zote.

Sitalaumu uhaba wa vifaa, maana kila nilichokitaja hapa kinapatikana sokoni au jikoni. Mradi wa kuwaimarisha walimu wa hisabati na sayansi, ulioanza mwaka 1998 kwa ushirikiano na Japani katika wilaya chache zikiwemo Kakamega na Kisii, uliwahimiza walimu kubuni vifaa kutokana na vitu vya kawaida, na uliweka shughuli ya mwanafunzi mbele ya maelezo ya mwalimu. Katika kaunti ya Nakuru, Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko aliyefundisha hisabati na fizikia katika shule ya Keriko kijijini Pwani, alipokea Dubai mwezi Machi 2019 tuzo ya dola milioni 1 ya mwalimu bora duniani, akiwa anatoka katika shule yenye kompyuta moja. Waliomsifu walizungumzia zaidi sadaka yake, kwa kuwa alitoa sehemu kubwa ya mshahara wake kuwasaidia wengine, na ni haki asifiwe kwa hilo. Lililonivutia mimi ni kwamba kazi za klabu yake ya sayansi, kama ile ya kuzalisha umeme kutokana na mimea, zilikuwa mikononi mwa wanafunzi. Mwalimu wa Kisumu ana ari kama hiyo, ila katika dakika zake arobaini mikono iliyogusa vitu ilikuwa miwili tu, yake.

Nilimweleza haya kwa tahadhari tulipokuwa tukinywa chai, nikitarajia akunje uso. Akacheka, akasema kwamba kuna swali linalomsumbua tangu muhula uliopita na hajapata namna nzuri ya kulijibu. Msichana mmoja alimuuliza: "Mwalimu, kama dunia inazunguka, mbona nikiruka pale Maseno siangukii Busia?" Mstari wa ikweta unapita Maseno, na ardhi ya hapo huelekea mashariki kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa. Katika nusu sekunde ambayo mrukaji yuko hewani, ardhi husogea mita 230 hivi. Angekuwa kweli anaachwa nyuma, hangetua alipokuwa. Swali hili ndilo lililotumiwa na wasomi wa kale kukanusha kwamba dunia huzunguka, na mwaka 1632 Galileo alilijibu kwa mfano wa jiwe linaloangushwa kutoka juu ya mlingoti wa merikebu inayosafiri, ambalo huanguka chini ya mlingoti kwa sababu lilikuwa likisafiri na merikebu kabla ya kuachiliwa. Msichana wa kidato cha tatu alilifikia peke yake, akiwa safarini kwenda kwa nyanya yake.

Tulikubaliana kulijaribu jibu hilo uwanjani, kwa baiskeli ya mlinzi, Black Mamba ya zamani yenye mlio. Mwalimu alichora mstari wa chaki ya unga kwenye njia ya simiti, akamwambia kijana wa jembe apande, aende kwa kasi isiyobadilika, na atakapoupita mstari aachilie ndimu kutoka mkononi bila kuirusha. Wengine waliambiwa wajipange kando ya njia, kila mmoja mahali anapodhani ndimu itaangukia. Wengi walisimama sambamba na mstari. Wachache walisimama hatua moja nyuma yake, wakieleza kwamba baiskeli itaikimbia ndimu. Msichana wa Maseno alitembea peke yake mpaka mbele, akahesabu hatua mbili kupita mstari, akasimama. Mimi, niliyekuwa nimeshiba chai na sheria za Newton, nilijikuta miguu imenipeleka mstarini.

Ndimu ilitua karibu mita mbili mbele. Hakuna aliyepiga makofi. Kulizuka ubishi, wengine wakidai kwamba kijana ameirusha, na mwalimu akairudisha baiskeli mwanzo wa njia, akamkabidhi ndimu yule aliyebisha zaidi.